Saa Kumi ya Jenerali

Alikuwa akimpangusa Jenerali uso kwa leso yake mwenyewe. Hilo ndilo jambo watu walilomlaumia Mkalimani kuliko yote, na mimi niliyekuwa rafiki yake ndiye niliyekuwa nikiulizwa sababu. Sanamu ile iko kwenye kibustani huko Schaerbeek, hapa Brussels, kati ya kituo cha tramu na duka la mikate la Mturuki: kichwa, mabega, sharubu, medali nne, vifungo saba upande wa kushoto na sita upande wa kulia. Nimevihesabu mara mbili. Ama fundi alisahau kimoja, ama Jenerali alikipoteza vitani na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Njiwa hawamheshimu hata kidogo. Na huyu mzee wetu, Mkongo, anayejua kuliko Mbelgiji yeyote ni vijiji vingapi Jenerali alivichoma, anasimama mbele yake na leso, analowanisha ncha kwa ulimi, anasugua jicho la kushoto, kisha la kulia.

“Papa, unamwosha wa nini?” nilimwuliza siku moja.

“Muntu mwenye unamushitaki, sura yake ionekane,” alisema. “Kama iko chafu, watasema haikuwa yeye.”

Jina lake silitaji, na la Jenerali pia silitaji. Mmoja hapendi kutajwa na mwingine ametajwa vya kutosha. Wakongo wa Brussels walimwita Papa Interprète. Sisi wachache wa Tanzania na Kenya tulimwita Mkalimani, naye aliitika majina yote mawili kwa kichwa, bila mdomo. Mdomo alikuwa anautunza kwa ajili ya kazi.

Niseme mapema jambo lililokuwa mezani, maana bila hilo hamtamwelewa. Komuni moja ya hapa, yaani halmashauri ya mtaa, iliamua kwamba Jenerali asiondolewe ila awekewe kibao cha maelezo pembeni, kiseme alikuwa nani na alifanya nini. Maelezo yalikuwa na sentensi tisa. Sentensi ya sita ilisema kwamba kijiji kilichokataa kusalimisha silaha kiliadhibiwa. Kijiji chenyewe ni kwao Maman Coiffeuse, mwenye saluni ya kusuka nywele pale Saint-Josse. Kwake yeye, neno “kilichokataa” lilikuwa mwiba wa samaki kooni.

“Atukukatalaka,” alikuwa akisema, kitana mkononi, kichwa cha mteja kikiyumba. “Sisi tuliuzwa. Mudomo njo ulituuza. Ule mutafsiri wa Wazungu, alikuya na maneno ingine, akarudisha ingine.”

Ndivyo walivyorithishana nyumbani kwao: mkalimani wa Jenerali aliwasaliti. Na Mkalimani wetu, aliyekula kwake kila Alhamisi, ndiye aliyekuwa akimsaidia kuandika barua za kulipinga lile neno. Maelezo yangefungwa kwenye kikao cha Ijumaa fulani, na baada ya hapo ni kwa fundi wa kuchonga, na chuma kikishachongwa hakibembelezwi.

Kazi yake ilikuwa ya kiapo. Alitafsiri mahakamani, hospitalini, na zaidi kwenye vile vyumba ambamo mtu anaulizwa kwa nini alikimbia kwao. Huko ndiko tulikojuana. Mimi nilikuwa upande wa meza unaotoa jasho. Niliulizwa nilitoka nyumbani saa ngapi siku ya safari, nikajibu saa mbili usiku. Nikamwona anainua kidole kimoja, si kwa haraka, akamwambia afisa kwa Kifaransa kwamba mkalimani anaomba kuhakikisha jambo. Ndivyo walivyofundishwa, wakitaka kusema lao wenyewe hujiita “mkalimani”, kama vile wanamsemea jirani.

Akanigeukia. “Dada, saa mbili yako, kwenye saa ya mukono mushale iko wapi?”

“Kwenye nane.”

“Merci.”

Wale wasiojua, nawaeleza. Kwetu siku inahesabiwa na jua: likishapanda kidogo ni saa moja, ingawa saa ya ukutani inasema saba. Wakongo wengi walifundishwa saa na Wazungu, kwa hiyo namba ya mdomoni ni ileile ya kwenye mshale. Mtanzania na Mkongo wakipeana miadi hapa mjini, mmoja anaweza kumngoja mwenzake saa sita nzima, na wote wawili wana haki. Lile swali lake dogo ndilo lililofanya maelezo yangu yalingane na tiketi yangu. Angepita tu, ningeonekana mwongo. Nilipotaka kumshukuru mlangoni aliniangalia kama mtu aliyeombwa rushwa.

“Sikukusaidia. Nilitafsiri.”

Miaka mitatu ilipita kabla hajakubali kahawa yangu, na hapo ni kwa sababu faili langu lilikuwa limeshafungwa na alikuwa na hakika hatakutana nami tena kazini. Aliuliza bei yake, akataka kulipa nusu.

Mimi nauza mabegi ya safari kwenye soko la Jumapili, pale stesheni ya Gare du Midi. Alikuwa akija kila wiki kuyatazama, na mara mojamoja kununua. Hakupatana bei hata siku moja. Nikitaja, analipa. Niliumia sana. Kumwuzia mtu asiyepatana ni kama kucheza bao peke yako: unashinda, halafu? Nikataja bei ya wazimu kusudi, akalipa, nikamkimbilia hadi kwenye ngazi za metro kumrudishia.

“Papa, unatakiwa kusema hapana.”

“Wewe njo ulisema ile bei. Mimi nani wa kuibadirisha?”

Ila kwenye maneno alipatana kama mchinjaji. Ukimpa neno analipima, analirudisha, anataka lenye nyama zaidi. Nilimsikia kwenye simu akibishana na madame wa komuni kwa robo saa juu ya “kuadhibiwa”. Madame alikuwa mwanamke mwema, mwenye miwani ya kamba shingoni, na nadhani alianza kuiogopa simu yake. “Non, madame. Kuadhibu kunataka kosa kwanza. Tuonyeshe kosa.” Akikata simu, aliliandika lile neno kwenye kitabu chake kidogo, akalifuta mpaka karatasi ikatoboka. Niliona. Mtu anayebishania haki ya jirani hafuti namna ile. Niliweka akilini, kama unavyoweka begi lenye zipu mbovu pembeni ukisema nitalishughulikia.

Kitu kingine cha ajabu ni alivyomjua Jenerali. Alimjua kama mke anavyomjua mume: bila heshima na bila kusahau. Alhamisi, kwenye kijichumba nyuma ya saluni, pondu, kisamvu cha kwao, ikiwa mezani na fufu ya muhogo inafuka, alitusimulia maisha yake ya kijeshi kituo kwa kituo.

Alianza luteni usu kwenye kikosi cha miguu, katika mji wa mvua usio na vita. “Miaka mine analinda mulango wa kambi. Adui moja tu: mafua.” Akasikia kwamba Kongo kuna vita, cheo na kovu. Akasaini miaka mitatu. Akapanda mto, akashikwa na homa, akapewa kituo na askari, halafu safu nzima ya kwenda mashariki kupigana na wafanyabiashara wa pembe na watumwa, maana ndivyo vita vile vilivyoitwa. Akawa kapteni. Akajeruhiwa paja. Hapa Mkalimani aliweka kijiko chini.

“Ile kovu alikuwa anaonyesha watu kwa chakula ya mangaribi, anasema ni mukuki. Mimi nimesoma daftari yake. Alianguka ku machela. Wapagazi banne, muti ukavunjika. Mukuki ulikuwa mukono ya machela.”

Maman alicheka mpaka akashika ukuta. Mkalimani hakucheka. Aliendelea: Jenerali alirudi Ulaya, akawa meja kwa sababu ya kovu, kanali kwa sababu ya umeja, akafundisha vijana chuoni namna ya kuzingira boma, na cheo cha ujenerali kikamkuta wizarani, kwenye kiti. “Vita yake yote ni miezi kumi na tatu. Ingine yote ni kukaa.”

Mimi nahesabu kila kitu mara mbili, ni ugonjwa wa sokoni. Alhamisi ya kwanza nilihesabu vituo vya ile hadithi, nikapata kumi na viwili. Alhamisi nyingine, miezi baadaye, nikahesabu tena: kumi na viwili. Na mara zote mbili kituo kimoja kilikuwa kifupi kuliko vyote, nacho ndicho tulichokuwa tunakipigania. Alikuwa anasema: “Ku ile kijiji, Jenerali akatuma neno.” Kisha: “Asubuyi, moshi.” Katikati, hakuna kitu. Mtu anayekumbuka rangi ya machela anaruka asubuhi nzima. Na kila alipofika hapo alikuwa anaangalia sahani, huku Maman akimwongezea pondu na kusema, “Kula, ndugu yangu, iko inakuuma kama sisi.”

Wiki mbili kabla ya kikao, madame wa komuni alitoa sharti. Daftari la Jenerali lilikuwa na maneno ya Kiswahili hapa na pale, na kwa kuwa Mkalimani alikuwa amejitokeza upande wa Maman, komuni ilitaka jicho la pili liyasome: mtu mwingine anayejua Kiswahili, atie saini. Mkalimani akamtaja muuza mabegi.

“Mimi? Kifaransa changu ni cha sokoni,” nilimwambia. “Matonge, mtaani kwenu, kumejaa Wakongo wenye digrii.”

“Niliweka jina yako. Kama hautaki, sema.”

Tulikutana Jumanne mchana kwenye mkahawa mmoja nyuma ya stesheni. Alikuja na nakala ndani ya mfuko wa plastiki, akaziweka mbele yangu, akavuta kiti chake nyuma kidogo, kama daktari anayekuachia picha ya mapafu yako. Mwandiko wa Jenerali ulikuwa mzuri, lazima niseme. Maneno ya Kiswahili aliyaandika jinsi sikio la Kifaransa lilivyoyapokea: “bouana”, “mayi”, “béndéra”. Niliyapiga tiki moja baada ya jingine. Nikafika kwenye ukurasa wa kijiji.

Jioni, anaandika, amemtuma mkalimani wake langoni mwa boma: bunduki zote ziletwe kesho mbele ya hema, saa kumi mshale wa saa ya Mzungu, yaani kabla ya adhuhuri. Pembeni ameandika alichosikia mkalimani akikariri mara mbili kabla ya kuondoka, ili kuhakikisha: “sa koumi”. Kesho yake saa ile ikafika, hakuna mtu. Akawapa robo saa zaidi, kwa wema wake. Kisha akaamuru moto. Chini ya ukurasa kuna jambo ambalo yeye mwenyewe hakulielewa, na mwandiko wake unaonyesha kukereka: ndani ya boma, kati ya majivu, walikuta magobori yamefungwa kwa kamba za magome, tano tano, yamepangwa safu karibu na lango. Na mbuzi wawili wamefungwa pamoja nayo. Ameuliza: hii ni hila gani?

Nilisoma “sa koumi” nikaipiga tiki. Halafu mkono ukasimama.

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Watu wa mashariki enzi zile Kiswahili chao kilikuja na misafara ya pwani, na saa zake zilikuja pamoja nacho. Saa kumi, kwa hesabu ya jua: moja, mbili, tatu… Nikahesabu tena. Saa kumi ni alasiri. Ni jua linapoanza kulegea. Wale watu walifunga bunduki zao tano tano, wakafunga na mbuzi wa kuombea amani, wakawa wanangoja muda waliopewa. Ulikuwa bado saa sita mbele.

Niliinua macho. Alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

“Papa.”

“Ehe.”

“Hii saa kumi.”

“Unaiona.” Hakuwa anauliza.

Ndipo niliponunua kitu nilichokuwa sijakitaka. Huyu ndiye aliyeinua kidole kwenye kesi yangu. Miaka yote ya kazi yake, kila shahidi, kila mkimbizi: saa yako, mshale uko wapi? Haiwezekani hakuona.

“Umejua tangu lini?”

“Tangu mara ya kwanza kusoma.”

“Miaka mingapi?”

“Bon. Neuf.”

Miaka tisa ya Alhamisi. Nilianza kuzidisha sahani za pondu, nilipopita mia nne nikaacha.

“Kwa nini hukumwambia?”

Alinyoosha kidole, akakiweka pembeni mwa ukurasa, mahali Jenerali alipoandika jina la mkalimani wake, herufi mbili zimekosewa. Nililisoma. Nililijua jina lile. Lilikuwa kwenye kibandiko cha koti lake siku ya kesi yangu.

“Njo babu ya baba yangu,” alisema. “Alikulia ku misheni, chini ya mto. Saa alifundishwa na mapadri. Dix ni kumi. Kwake haikuwa na ingine.”

Nje basi lilipita, vikombe vikalia. Nilijaribu kumfariji, na mimi si fundi wa hiyo kazi.

“Basi hakuwauza. Alikosea saa.”

“We Tanzanie. Kwa mwenye alichomwa, bei ni moja.”

Aliongea polepole, macho kwenye ukurasa. Akisema, lile neno “kilichokataa” linatoka kwenye kibao, na watu wa Maman wanakuwa safi mbele ya Jenerali na mbele ya tramu zote za Schaerbeek. Lakini ule mdomo uliolaaniwa nyumbani kwa Maman unapata sura, na sura yenyewe ndiyo hiyo inayokula mezani pake. Hana mtu mwingine mjini hapa. Mke alishamzika kwenye makaburi ya Evere. Watoto wako Kanada na wanapiga simu Krismasi. “Nilikuya siku ya kwanza kwa Maman kumusomea daftari. Alinipa kiti, akasema, ‘Karibu ndugu.’ Nikasema nitasema juma iyayo.”

“Na ndiyo maana umenitaja mimi,” nilisema. Hasira ilikuwa inanipanda. “Mkongo angesoma kumi, akaona kumi, akapita.”

“Nilitaka muntu mwenye hatapita.”

“Yaani mimi ndiye nikuvue nguo.”

“Wewe ni jicho numéro deux. Andika yenye umeona.”

Nilimwambia hapana. Nilimwambia aende saluni leo hii, Jumanne, akaseme kwa mdomo wake. Akasema baada ya kikao. Nikasema kabla. Akasema nimwachie komuni ipate karatasi, yeye atajitenga kimya. Nikasema karatasi yangu haitoki kwenye mkoba mpaka awe chumbani, Maman akiwa chumbani, na yeye mwenyewe ndiye aseme lile la mwisho, la jina. Tulipanda na kushuka hivyo karibu saa nzima. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akipatana, na alikuwa mbaya sana, anaacha mapema. Tulikubaliana Ijumaa, kikaoni, kwa mdomo wake.

Siku tatu zile sikulala vizuri. Alhamisi alikula kwa Maman kama kawaida. Mimi sikwenda, nilisingizia meno.

Chumba cha komuni kilikuwa na meza ndefu na chupa za maji, moja kwa kila watu wawili. Madame alikaa katikati. Kulia kwake alikaa kanali mstaafu, mzee mrefu wa shingo safi, aliyekuja kutetea maelezo yabaki yalivyo. Alizungumza vizuri, bila matusi. Afisa, alisema, alitoa muda, muda ukapita, akaongeza. Daftari linasema hivyo. Anayepewa muda asipokuja, kwa Kifaransa kinachoeleweka, amekataa.

Maman akapewa nafasi. Alisema kwa Kiswahili, na Mkalimani akakaa pembeni yake, nyuma kidogo, kitabu kidogo gotini. Mkalimani wa kweli hasemi “anasema kwamba”. Anasema “mimi”. Maman akisema, “Mimi niko mutoto wa ile kijiji,” Kifaransa kikatoka mdomoni mwa mzee: mimi ni mtoto wa kijiji kile. Maman akisema, “Mudomo wa mutafsiri ulituuza,” akafunga kitabu chake kidogo, kisha Kifaransa kikatoka kizima, hakuna herufi iliyopungua: mdomo wa mkalimani ulituuza.

Maman akamaliza. Mkalimani akainua kidole kimoja.

“Mkalimani anaomba neno.”

Madame akatazama karatasi zake. Kanali akasema kwa upole kwamba, kwa anavyojua, aliyekaa leo kwa kiapo cha kutafsiri si upande wa shauri. Madame akasikitika, akasema kweli, kanuni ndivyo zilivyo. Mkalimani huhakikisha maana tu, hachangii. Kidole kikabaki hewani kidogo. Kisha kikashuka. Alinitazama, na nikaona mtu ambaye amepata sababu halali ya kunyamaza tena miaka tisa.

Sijasomea sheria, lakini nimepita kwenye milango mingi iliyofungwa. Nilisimama.

“Madame, mimi ni jicho la pili. Nina ripoti.”

“Isome, tafadhali.”

“Nimeiandika kwa Kiswahili. Itahitaji mkalimani.”

Kanali alitabasamu kidogo. Askari humjua askari. Madame akamwashiria Mkalimani. Akasimama. Nikafungua karatasi.

Nilisoma polepole, naye alinifuata. Nilieleza saa ya jua na saa ya mshale. Alieleza. Nilisema kwamba saa kumi ya watu wale ilikuwa alasiri. Alisema. Nilisoma habari za bunduki zilizofungwa tano tano na mbuzi wawili. Sauti yake haikuyumba. Kanali aliacha kuandika, nikaona vidole vyake vikigonga meza taratibu, kimoja baada ya kingine, midomo ikihesabu. Maman alikuwa amegeuka kwenye kiti kunitazama, mkono umefunika mdomo.

“Mkalimani wa safu ile,” nilisoma, “aliyebeba saa hiyo langoni, alikuwa…”

Nikakunja karatasi, nikaketi.

Madame akauliza kama ripoti inaendelea. Mkalimani aligeuka, si kwa meza, kwa Maman.

“Alikuwa babu ya baba yangu,” alisema. “Hakukuuzeni. Alikosea saa. Nilijua tangu zamani, na nilikuwa ninakula kwako.”

Kisha, kwa sababu alikuwa chini ya kiapo, akageukia meza na kutafsiri, kwa Kifaransa chake kilichopigwa pasi: mkalimani anabainisha kwamba huyo alikuwa baba wa babu yake mkalimani, kwamba mkalimani alijua, kwamba mkalimani alikula.

Maman alichukua mkoba wake. Alipita katikati ya viti, viatu vyake vikilia sakafuni, nikavihesabu mpaka mlangoni, kumi na saba, na mara hii sikurudia.

Komuni iliiondoa sentensi ya sita siku ileile. Kanali mwenyewe alipendekeza. Mkalimani alitia saini ya kuhudhuria, akajaza fomu kwamba hataki malipo ya siku hiyo kwa kuwa alivunja kanuni, akavaa koti.

Alhamisi tano zilipita. Nilikuwa nikimwona sokoni akitazama mabegi bila kuyagusa. Hakuuliza habari za saluni, na mimi sikumpa, maana sikuwa nazo. Maman alinisuka mara moja katika muda huo, akanivuta nywele kama anayeng'oa magugu. Mkalimani aliendelea kwenda kibustanini. Leso sikuiona tena; alisimama tu na Jenerali, mikono mfukoni, wazee wawili wasio na la kuambiana.

Alhamisi ya sita, mchana, Maman alinipigia. “Kuya. Na umulete.” Akakata.

Saluni ilikuwa imefungwa kwa wateja, pazia limeshushwa nusu. Palikuwa na kiti kimoja mbele ya kioo, na simu imesimamishwa kwenye kopo la vitana. Maman hakumsalimia. Alimwonyesha kiti.

“Mimi nilikukasirikia,” alisema. “Ningali. Lakini ile kasirani ni ya chakula yangu. Ile ingine, ya kijiji, haiko yangu. Iko ya mukubwa wetu. Sema na yeye.”

“Nimuambie nini?”

“Yenye ulisema kule. Kwa mudomo yako, si ya mwingine.”

Kaka yake mkubwa, mkuu wa nyumba, mzee asiyewahi kutoka kwao, alikuwa ndiye mtunza hadithi ile ya mdomo uliowauza. Simu iliita muda mrefu. Upande wa pili pikipiki ilipita, kisha sauti kavu.

“Nani?”

Mkalimani alishika magoti yake. “Papa, ni mutoto wa nyumba ya ule mutafsiri.”

Simu haikukatwa. Akasimulia. Hakuruka kituo. Alisema jioni, lango, saa kumi iliyokaririwa mara mbili, misheni, mapadri, robo saa ya nyongeza, bunduki na mbuzi langoni. Alisema asubuhi nzima ambayo sikuwahi kuisikia akiisema. Jasho lilimtoka kwenye nyusi naye hakulipangusa. Alipofika mwisho, Maman, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliushika mgongo wa kiti bila kumgusa.

“Bunduki,” ile sauti ikasema. “Zilikuwa zimefungwa?”

“Tano tano.”

“Kwa kamba?”

“Ya magome. Karibu na mulango.”

“Na mbuzi?”

“Mbili, papa.”

Pumzi ndefu ikasikika, ya mtu anayeketi chini. Nilidhani atalaani, au ataomba muda wa kuita wazee. Aliposema, alikuwa kama anajisemea mwenyewe, taratibu, kama mtu anayelijaribu neno jipya kinywani.

“Tulikuwa tunakuya.”

Maman aliketi kwenye kiti cha pembeni. Mkalimani aliinamisha kichwa mbele ya kioo, na kwa sauti ya chini, ileile ya kazini, akalitafsiri neno lile kwa Kifaransa: “On venait.” Ndani ya saluni nzima hapakuwa na mtu asiyejua Kiswahili.